Dakika Tatu za Kaseti ya Bibi

Wenzangu mliokuwa mkiruka kamba wakati televisheni ina vituo vinne tu, nyinyi hamhitaji kuelezwa. Ila hawa watoto wetu, ambao mtandao ukikatika dakika tano wanazunguka nyumba nzima kama kuna msiba, sijui niwaanzie wapi. Niwaambie kompyuta yangu ya kwanza haikuwa na skrini yake, haikuwa na kipanya, wala haikuwa na pa kuhifadhi kitu? Ukiizima, imesahau. Uliyoyaandika tangu asubuhi yamekwenda, wewe umebaki na vidole vinavyouma.

Nayasema haya kwa sababu ya kaseti moja. Kwa karibu miaka arobaini nilijua nilichokifanya kwenye kaseti hiyo na Mama hakujua, na kila alipohama nyumba hapa London niliomba ipotee njiani. Haikupotea. Mama hapotezi kitu.

Wakati huo tuliishi Peckham, ghorofa ya tano, mimi na Baba na Mama. Tulitoka Tanga nikiwa na miaka sita. Baba alifua mashuka ya hospitali, Mama akisafisha ofisi alfajiri na mchana akiwalea wazee wa watu. Kompyuta Baba aliipata kwa mwenzake wa kazini ambaye mwanawe alikuwa ameichoka. Aliileta imeviringishwa kwenye taulo, ndani ya mfuko wa plastiki, kama anayebeba samaki. Ilikuwa kibodi tupu, nyeusi, yenye vitufe vya mpira laini, na waya wa kuichomeka kwenye televisheni. Baba akasema, "Hii ndiyo itakayokutoa," kisha akaketi kusubiri taarifa ya habari, maana televisheni ilikuwa moja na mwenyewe ni yeye.

Programu tulizipakia kutoka kwenye kaseti. Kaseti hizi hizi za taarabu. Unachomeka rekoda, unabonyeza, halafu unakaa dakika tano ukisikiliza kelele ambayo sijui niifananishe na nini, labda nyuki waliofungiwa kwenye debe. Sauti ya rekoda ikizidi kidogo, haipakii. Ikipungua kidogo, haipakii. Nikachukua rangi ya kucha ya Mama nikatia alama kwenye kile kitufe cha sauti, mahali penyewe hasa, na ole wake mtu aliyekigusa. Mtu alikuwa hapiti hata kwenye zulia, maana rekoda ikitikisika tunaanza upya. Na tulianza upya sana. Siku nyingine Jumamosi nzima iliisha hatujacheza kitu, na tulilala tumefurahi.

Programu nyingine niliziandika mwenyewe, nikinakili mistari kutoka kwenye magazeti ya kompyuta pale maktaba. Kumbukumbu yote ya mashine ile isingetosha picha moja ya kahawa ya binti yangu Salma, naye hupiga tatu kabla hajainywa. Lakini nakwambia, kila herufi iliyokuwemo niliitia mimi kwa kidole changu.

Kaseti zilikuwa na kazi nyingine pale nyumbani. Bibi yangu mzaa mama, kule Ngamiani, Tanga, hakuwa mtu wa barua. Alirekodi salamu zake kwenye kaseti, na msafiri yeyote aliyekuja huku alibebeshwa. Zilifika zimefungwa ndani ya leso pamoja na karafuu na hiliki, hata kaseti zenyewe zikanukia pilau. Jumapili Mama alijitanda kanga vizuri, akaketi kwenye zulia, akabonyeza. Na Bibi alikuwa na mtindo wake. Akishauliza, ananyamaza. Anakupa nafasi ya kujibu.

"Mwanahawa, hujambo mwanangu?" Kimya. Mama anaitazama rekoda anasema, "Sijambo mama, shikamoo." Na rekoda, kwa wakati wake barabara, inaitikia, "Marahaba."

Bibi hakuwahi kuisikia shikamoo hiyo. Alikuwa huko barazani kwake peke yake, anahesabu tu kichwani muda ambao binti yake atatumia kuitamka, halafu anaitikia. Leo nikiliwaza jambo hilo machozi yananilengalenga. Wakati ule niliona haya kweli kweli, mtu mzima kuongea na redio. Zamu yangu ya kusalimiwa ikikaribia nilikimbilia chooni nikajifungia. Mama ataita, "Zuhura, bibi yako anakuuliza!" na mimi navuta maji ya choo kwa nguvu nisisikie. Kila kaseti, kila Jumapili. Sikuwahi kumjibu hata mara moja.

Kaseti ya mwisho ilitufikia mwanzo wa baridi, na Mama aliisikiliza kila wiki kwa miezi miwili. Kisha ikaja simu. Mama hakwenda kuzika, kwani karatasi zetu za ukaazi zilikuwa bado hazijatoka na angetoka asingeruhusiwa kurudi. Alilia siku tatu, huku akienda kazini. Siku ya nne alichukua kisu cha jikoni, akaiweka kaseti mezani, akavunja vile vimeno viwili vya plastiki mgongoni mwake. Nyinyi wa rika langu mnajua maana yake: vimeno vikishavunjwa, rekoda inakataa kurekodi juu. Akaitia kwenye bati la biskuti, bati likapanda juu ya kabati. "Nikimsikia sasa nitapasuka," alimwambia Baba. Hakuipiga tena.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Jumamosi moja, wazazi wote wako kazini, nilikaa tangu asubuhi naandika programu ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika. Ilikuwa ya kuonyesha jina langu, ZUHURA, likishuka kwenye skrini kwa rangi moja baada ya nyingine, na nyota pembeni. Basi, hiyo tu. Nilitaka Baba akirudi aikute. Nikatazama mita ya umeme pale mlangoni, zile mita zilizokula sarafu, nikaona imebakiza kidogo sana, na ndani hakuna sarafu hata moja. Umeme ukikatika, jina langu limekwenda. Kaseti yangu ya akiba rekoda ilikuwa imeitafuna juzi yake. Za Bibi za nyuma Mama alizirudisha Tanga zirekodiwe tena; zilizobaki zote zilikuwa taarabu za Baba, na kumfutia Baba taarabu ni kutafuta balaa.

Nikapanda kiti, nikashusha bati.

Siwezi kusema nilikosea kaseti. Ilikuwa na mwandiko wa Baba, "Mama Tanga," na ile mianya miwili vilikotoka vimeno naijua. Nilitafuna karatasi, nikaiziba mianya, nikarudisha kanda hadi mwanzo. Nilijiambia ni dakika tatu tu. Nilijiambia mwanzo ni salamu, na salamu za Bibi ni zile zile siku zote, nani atazikosa? Nikabonyeza. Programu ikaingia yote, na kitambo kidogo baadaye umeme ukakatika.

Baba aliporudi akatia sarafu, akaniuliza leo nimetengeneza nini. Nikasema sikutengeneza kitu. Nilikuwa nimekwishaitoa ile karatasi na kulirudisha bati mahali pake. Programu ile haikuonwa na mtu yeyote, hata mimi mwenyewe sikuipakia tena.

Sasa Mama ana miaka themanini na moja, anakaa nami hapa Edmonton, kaskazini mwa London. Baba tulimzika zamani. Mwaka huu daktari wa masikio alimwambia Mama kusikia kwake kunapungua na hakutarudi. Tulipofika nyumbani alivua koti, akaketi, akasema, "Kabla hayajafunga nataka nimsikie mama yangu. Nishushie lile bati."

Nikaleta visingizio. Rekoda hatuna. Kanda imezeeka, itakatika. Salma, ambaye anafahamu Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, akaona bibi yake ananyimwa kitu kidogo. Kesho yake akawa amempata fundi wa kaseti kule Harrow, mzee wa Kihindi anayeitwa Mzee Kanti, mzaliwa wa Tanga vilevile. Tukapanda treni sote watatu. Mzee Kanti na Mama walimaliza nusu saa wakitajiana maduka ya barabara ya kwetu, nani alikuwa akiuza vitambaa na nani alikuwa mgomvi, ndipo akaifungua kaseti. Akaihamishia kanda kwenye kasha jipya kwa vidole vya mtu anayetoa mwiba, akatuazima na rekoda.

"Kanda imekauka, mama," akasema. "Ipigeni mara moja tu, mrekodi na simu. Msiirudishe nyuma. Ikianza, iacheni iende. Ikikatika mimi sina dawa."

Jumapili hiyo, baada ya chakula cha mchana, Mama alijitanda kanga kama zamani. Magoti hayamruhusu tena zulia, akaketi kwenye kiti, rekoda mapajani. Salma akawasha simu yake. Nilitaka kusema kabla hawajabonyeza, nikashindwa. Mama akabonyeza.

Ikatoka ile kelele. Salma akaangua kicheko, akauliza ni kitu gani hiki. Mama akakunja uso, akagusa kifaa chake cha sikio, akasema, "Mbona simsikii? Au masikio yangu ndiyo tayari?"

Hapo ndipo nilipopasuka. Siwezi kumwacha mama yangu adhani ni masikio yake. Nikasema yote kwa pumzi moja: ile Jumamosi, mita, karatasi niliyotafuna, jina langu. "Nilikufutia Bibi, Mama. Mwanzo wote. Nisamehe."

Alinitazama. Nilingoja anifokee, na ningeshukuru kufokewa. Badala yake akainua mkono tunyamaze, akafumba macho, akaanza kusema juu ya kelele ile, kwa sauti ambayo si yake.

"Asalaam aleikum, Mwanahawa. Ni mimi mama yako. Hujambo mwanangu?" Akanyamaza. Kisha kwa sauti yake mwenyewe, "Sijambo mama, shikamoo." Na tena kwa ile nyingine, "Marahaba. Mumeo hajambo? Mwambie namwombea. Huku kwetu sote wazima. Bi Tatu anakusalimu, mguu wake umepona, sasa anatembea kuliko mimi. Ile cherehani yako nimempa aitumie, usinikasirikie, ilikuwa inakaa bure. Mwarobaini wa uani tumeukata, ulikuwa unajaza majani kisimani. Nyumba imekuwa nyeupe mpaka naona haya kuvaa gauni la kulalia. Unakula vizuri? Huko kwenye baridi, unakula vizuri?" Akanyamaza, akajibu, "Nakula, mama."

Salma alikuwa ameacha kucheka. Mama hakubabaika neno hata moja. Aliisikiliza kaseti ile Jumapili nane au tisa tu, karibu miaka arobaini iliyopita, kisha hakuigusa tena, nayo yote ilikuwemo kichwani mwake, na pumzi zake, na mahali pa kunyamaza. Mimi nimefanya kazi ya kompyuta maisha yangu yote. Nimehifadhi vitu kwenye diski ambazo leo hakuna mashine ya kuzisoma, na kwenye simu zilizozama, na kwenye akaunti ambazo nimesahau nywila zake.

Mama alimaliza kabla kelele haijaisha. "Hapo sasa anakuja kwako," akasema, akafumbua macho. Tukangoja, sote watatu tumeikodolea macho rekoda. Kelele ikakatika ghafla. Kukawa na mkwaruzo wa kanda, jogoo akawika mbali, mtu akajikohoza.

"Zuhura," akasema Bibi. "Hujambo mjukuu wangu?"

Halafu akanyamaza.

Mama akanigonga kwa kiwiko. "Jibu. Leo huna choo cha kukimbilia."

"Sijambo, bibi," nikasema. "Shikamoo."

"Marahaba," akasema Bibi.

Kanda ilikwenda hadi mwisho bila kukatika. Mama hakunisamehe kwa maneno, aliniambia tu nikaweke chai, na nilipoileta akanishika kichwa kama nilipokuwa mdogo.

Siku hizi tunatumiana sauti kutwa. Salma huzisikiliza kwa kasi maradufu, sisi sote tunasikika kama tunafukuzwa, na hakuna anayeuliza hali akangoja ajibiwe. Jioni ile alikuwa amelala kifudifudi kwenye kochi anaisafisha rekodi yetu. Akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama akate zile sehemu zenye ukimya, faili lipungue. Nikamwambia akate popote anapotaka, hata ile kelele yangu ya nyota na rangi, lakini ukimya wa baada ya jina langu asiuguse. Bibi alikuwa ananisubiri hapo.