Nguruwe Aliyepona Ushirombo

Homa ya nguruwe ilipopita Ushirombo, mabanda karibu yote yalibaki matupu. Kwa mama mmoja mjane alisalia nguruwe jike mmoja, aliyeugua pamoja na wenzake akapona. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa utafiti, na niliposikia habari zake nilipanda basi kutoka Morogoro kwenda kumtoa damu.

Kazi yangu ilikuwa kutafuta alama za vinasaba vya kuhimili homa hiyo zinakaa wapi kwenye kromosomu za nguruwe. Alama hutiwa rangi inayong'aa. Ikishika mahali pake, unaiona kwa darubini. Lakini kromosomu huonekana tu seli inapogawanyika, na seli iliyokufa haigawanyiki. Lazima damu ifike maabara ikiwa hai.

Haikufika salama. Basi la kurudi liliharibika njiani, Nyasubi, tukashinda juani, barafu niliyohifadhia damu ikayeyuka. Maabarani, nilitazama kioo kimoja cha darubini baada ya kingine bila kuona seli hata moja iliyokuwa ikigawanyika. Nikarudi Ushirombo.

Nilimkuta mama bandani na bwana mifugo wa kata. Ugonjwa ulikuwa umezuka tena kijiji cha jirani, na amri ilikuwa nguruwe wote wauawe, hata waliopona.

“Niruhusu nichukue damu kwanza,” nilimwomba bwana mifugo.

“Hakitoki kitu hapa. Iwe nyama, iwe damu. Huyu anaweza kuwa bado anaubeba ugonjwa.”

Nilijua anasema kweli, lakini niliendelea kumsihi mpaka sauti ikanikauka. Mama akanishika mkono.

“Basi, mwanangu. Shimo limeshachimbwa.”

Nilirudi maabara, kwenye vioo vya damu ile ya kwanza, sina kingine. Nilivipekua vyote upya mpaka macho yakauma, na katika kimoja nikaona seli iliyokuwa ikigawanyika. Karibu na ncha ya kromosomu, alama yangu iling'aa.

“Seli moja si ushahidi,” msimamizi wangu alisema. “Tafuta nyingine.”

Nilimpigia mama simu. Nilitaka apate hata habari hiyo ya alama.

“Kwa hiyo watazaliwa wengine kama yule?” aliuliza.

“Hapana, mama.”

Nyuma yake nilisikia nyundo nyingi zikigonga. Akaniambia tangu banda libaki tupu yuko Geita, anaponda mawe ya dhahabu, na msimamizi wao hapendi watu wazungumze na simu.