Miguu Yangu Ilipoota Jua

Mimi ni mnene, na sioni haya kusema. Kwetu Kivu ya Kusini unene ni sifa, na hata hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, ninapouza ndagala, dagaa wetu wa kukausha, chini ya turubai, wateja hunisifu. Ila miguu ilikuwa na maneno yake. Mishipa ilitokeza kuanzia magotini hadi vifundoni, imejikunja, na ikifika jioni miguu inavimba na kuniuma.

Binti yangu alikuwa anaolewa. Kwetu mama wa bibi arusi ndiye anayewaongoza wamama kumsindikiza kwa miguu, wakicheza, toka nyumbani mpaka kanisani. Wifi yangu akatangaza kwamba atashika fasi yangu, mimi nipande boda nitangulie. Nitangulie! Nilikuwa na hasira mingi hata ugali ukanishinda, na ugali haujawahi kunishinda.

Nikaenda hospitali Mbarara. Daktari alipima damu, akaniambia vitamini D yangu iko chini sana. Kwa watu wanene hutokea mara nyingi, mafuta ya mwili huishika isizunguke kwenye damu. Kama upungufu huo ndio unaoharibu mishipa, alisema hana hakika. Lakini misuli inaihitaji, na misuli ya miguu ndiyo inayosukuma damu irudi juu. Akanipa vidonge na soksi za kubana, akaniagiza nitembee kila siku, nikilala niinue miguu, na asubuhi niote jua kidogo, mikono na miguu, ngozi ijitengenezee vitamini hiyo.

Nilitii, Mungu ni shahidi. Mwezi mzima nilikaa mbele ya nyumba kila asubuhi. Niliporudi hospitali, muuguzi, dada mmoja Mnyankore, akaniuliza naotaje hilo jua. Nikamweleza: kitenge kimoja hadi vifundoni, cha pili juu yake, soksi ndani, na shali toka mabegani hadi mikononi. Mama mzima haonyeshi miguu barabarani. Nilidhani hata daktari analijua hilo.

Alicheka mpaka akaishika meza. "Mama," akasema, "wewe unalisha hiyo kitenge vitamini."

Nilinuna njia nzima. Nilipomsimulia jirani yangu, mama wa Kirundi, ndipo kicheko kikanitoka. Yeye ndiye aliyefikiria bafu letu la maturubai, ambalo halina paa. Basi kila asubuhi naingia na kigoda, navua soksi, napandisha kitenge mapajani, jua lote langu. Wiki ya pili jirani naye akataka zamu, na wengine wawili. Mume wangu alisimama nje na ndoo yake akilalamika kwamba hajaoga. Nikamjibu asubiri, natibiwa.

Jioni tulitembea, mimi na jirani, kila siku mbali kidogo kuliko jana. Mishipa bado ipo, sikudanganyi. Lakini uvimbe ulipungua, na nikaanza kupanda kilima bila kusimama.

Siku ya arusi nilitangulia mimi, nikicheza, nimemshika binti mkono, wifi nyuma yangu akipiga vigelegele, na vizuri kabisa. Furaha ile sina pa kuiweka.

Tukafika mlango wa kanisa. Hapo mama anaachia mkono wa binti yake. Wiki zote zile nilihangaikia miguu tu, mkono sikuufikiria hata mara moja. Ukakataa kuachia. Binti akalia, mimi nikalia, mchungaji akasubiri.