Mwana Ndani

Mume wangu alikuwa na tabia moja iliyonikera sana. Jumapili anavaa mabuti, anachukua chupa ya maji na mkasi wa majani, ananiambia, "Naenda kuwaona wakubwa." Wakubwa wenyewe wamekufa. Wamezikwa nje kabisa ya Birmingham, huko mashambani, na siku zote ananiacha nyumbani Saltley nikikatakata vitunguu. Nikimwomba twende wote, ati matope. Matope! Mimi mtu wa Nakuru, nimezaliwa kwa matope.

Sikumwamini hata kidogo. Halafu siku moja nikamsikia kwenye simu, akiongea na rafiki yake wa tangu Unguja, amefunga mlango wa jikoni. "Mwanandani alikuwa mdogo, wallahi. Tukafunika hivyo hivyo, mvua inanyesha. Mpaka leo roho inaniuma. Mke wangu asijue."

Mwana, ndani, mdogo. Kumbe kuna mtoto! Alimzaa na nani? Sisi wawili tulikuwa tumehangaika hospitali hadi hospitali bila kuona hata dalili, na kumbe mwenzangu ana wake kaburini, anamkatia majani. Roho ilinichoma, si mchezo. Nikapekua mifuko ya makoti yake, nikachungulia chini ya godoro, nikaanza hata kumtilia shaka mwanamke wa duka la Alum Rock Road aliyekuwa akimwongezea nyanya. Sikupata kitu, na kukosa huko kukanizidishia wasiwasi. Mtu msafi hivyo ana jambo.

Jumapili iliyofuata nilitangulia kuvaa mabuti. "Leo tunaenda wote," nikamwambia, "ama hakuna anayeenda." Akanitazama, akaguna tu. Basi likatufikisha mwisho wa njia, tukatembea kando ya malisho ya kondoo.

Yalikuwa makaburi ya wakulima wa kizamani, mawe yamelalia upande, majina yameliwa na kuvu. Kona ya nyuma, karibu na ua wa miiba, ndipo walipopewa nafasi watu wetu wa mwanzo kufia nchi hii. Makaburi yao yamekaa mshazari, hayafuatani na mengine. Mume wangu, aliyekuwa bubu njia nzima, sasa akafunguka: wachimbaji hawakuelewa habari za kibla, wakadhani ramani imekosewa, ikabidi wazee wasimame na dira mkononi wakibishana nao. Huyu alifanya kazi kiwandani Aston, yule alikuwa mpishi. Mimi nilikuwa natafuta kaburi fupi tu.

"Na huyu ni baba," akasema.

"Na mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani?"

"Usinifanye mjinga! Mwana! Yule wa ndani, mdogo, mliyemfunika kwa mvua!"

Alinitumbulia macho. Kisha akacheka mpaka akashikilia jiwe la mtu. "Mwanandani, bibie! Si mwana wa mtu. Ni pale pembeni, chini kaburini, panapochongwa pa kumlaza maiti aelekee kibla." Kwetu tulizika kwa sanduku. Nilisilimu nilipoolewa, na mazikoni wanawake hatukwenda. Ningejulia wapi?

Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi katikati ya makaburi. Lakini yeye kicheko kilikuwa kimemkatika. Baba yake alikuwa mrefu, akasema. Shimo lilichimbwa kwa mashine, mwanandani akachongwa kwa haraka huku wachimbaji wanatazama saa, na mzee hakuenea. Wakamkunja magoti. Mwanawe ndiye aliyeyashika.

"Mama hajui," akasema, akifuta uso kwa mkono wa koti. "Na wewe na mama kila wiki mko kwenye simu, na mdomo wako hauna breki."

Nikachukua mkasi, nikamkatia mzee majani.

Jioni ile nikakwangua kadi ya simu, nikampigia mama mkwe Unguja. Tukaamkiana, akauliza baridi, akauliza afya. Nikamwambia tulikwenda kumzuru mzee. Akauliza kwa sauti ndogo kama pale mahali panamtosha, maana mumewe alikuwa hawezi kulala bila kunyoosha miguu.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Panamtosha, mama," nikasema. "Amelala amejinyoosha."