Sauti Tu, Bila Picha

Mwezi uliopita nilirudi Bariadi, nikaingia kwenye kibanda cha kijana anayejaza nyimbo kwenye simu na flashi. Nikampa sidii yangu ya zamani, imechunika mgongoni kama ukoko wa ugali. Akaigeuzageuza, akacheka. "Dada, nikuwekee sauti tu, au unataka video?" Jamani! Kaniuliza kama mtu anayeuliza chai ya rangi au ya maziwa. Nikakaa kwenye kiti chake cha plastiki, machozi yakanitoka mchana kweupe. Swali hilohilo niliulizwa katika mji huohuo nikiwa darasa la tano, na jibu nililotoa sijajisamehe hadi leo.

Kwetu ni kijiji cha Kasoli. Miaka hiyo wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wanaingia na malori yao, kila mmoja na mizani yake, na baba akawa mtu wa kununua vitu. Sisi watoto tulikaa uani tukichambua, pamba safi huku, fifi, ile chafu, kule, vidole vinawasha, midomo imejaa michembe, viazi vikavu vilivyopikwa na karanga. Mpishi alikuwa mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma. Jikoni mayu alikuwa kituko! Aliigiza mnunuzi anavyovuta suruali, aliigiza mwalimu wetu anavyopiga chafya, tukacheka mpaka tunamwaga pamba chini. Lakini babu akitokea, yaani baba mkwe wake, mayu alinyamaza palepale. Alivyolelewa yeye, mkamwana hapazi sauti penye mkwe.

Shangazi alipoolewa, baba akaleta mpiga video kutoka mjini. Babu alikaa mbele kutwa nzima na fimbo yake, kwa hiyo mayu hakusema neno kutwa nzima. Mchana akatoka jikoni na sufuria ya wali kichwani. Mpiga video akamwelekezea mtambo wake: "Mama, tazama huku!" Mayu akasimama. Kujibu hawezi, babu yuko pale, na kutua sufuria hawezi. Basi akacheza mabega peke yake, kushoto, kulia, sufuria imetulia tuli. Watu wakaangua kicheko, na babu naye akacheka hadi fimbo ikamponyoka.

Kanda ile tuliiona mara moja tu, kwenye banda la video lenye jenereta. Mayu hakwenda, alisema ataona aibu kujitazama. Baada ya hapo ilikaa juu ya kabati inakula vumbi, kwa kuwa nyumbani hatukuwa na umeme wala runinga. Tulichokuwa nacho ni redio mpya ya sidii, ya betri, ambayo baba aliinunua baada ya mauzo na kuifunika kitambaa kama mtoto mchanga.

Siku moja baba akasikia kuna fundi mjini mwenye kompyuta, anahamisha kanda kwenda kwenye sidii. Akanichukua mimi kwa sababu nilijua kusoma. Fundi akatueleza vizuri tu, sina la kumlaumu hapo. Picha ni nzito, alisema, itajaza sidii tatu, na bila runinga hamtaiona. Sauti ni nyepesi, inaingia kwenye sidii moja na nafasi inabaki tele. Halafu akaniinamia. "Ile nafasi nitakujazia nyimbo unazopenda, na kanda mniachie, nina kazi nayo."

Baba akanitazama. "Haya, wewe ndiye msomi. Tuchukue ipi?"

Nilikuwa nazijua nyimbo zote zilizokuwa zikipigwa stendi. Sikufikiri hata kidogo. Nikasema, "Sauti." Baba akanipigapiga begani kwa fahari.

Nyumbani tukaiweka. Bibi akasikia vigelegele vyake akapiga vingine. Babu akasikia hotuba yake akataka irudiwe. Mayu alikuwa mlangoni anapepeta mtama, akasikiliza mpaka mwisho, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi simo." Tukamcheka! Nikaruka haraka kwenye nyimbo zangu.

Msimu wa palizi uliofuata homa ilimchukua mayu kwa siku nne. Siku ya msiba wakatafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza, hakuna. Mayu hakuwahi kupiga picha, na kadi za kura zenye sura zilikuja yeye keshatangulia. Baba akapanda baiskeli hadi mjini kuifuata kanda. Fundi alikuwa amerekodia juu yake harusi ya watu wengine. Baba akarudi, akaegemeza baiskeli ukutani. Hakuniambia neno juu ya kanda ile mpaka naye akazikwa. Laiti angenichapa! Wanasema majuto ni mjukuu, lakini yangu yalinikuta mwenyewe bado mtoto.

Leo mashamba yale yameuzwa, banda la video ni duka la dawa, na sura ya mayu imenitoka. Nakumbuka sufuria, nakumbuka mabega. Pua yake ilikuwaje, wallahi sijui.

Yule kijana wa kibandani aliponiona nalia, akanihurumia. "Usilie dada, hii sauti naweza kuigeuza iwe video." Akabonyezabonyeza, akanirudishia simu akitabasamu. "Tayari, sasa ni video." Nikafungua. Kweli ni video, ila kioo ni cheusi tii. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Naitazama kila Jumapili. Bibi anapiga vigelegele, babu anahutubia, kisha inakuja ile sauti: "Mama, tazama huku!" Kimya kidogo, halafu kicheko cha uwanja mzima. Nasogeza simu karibu na macho, kama mjinga. Watu wote wa harusi ile wanamwona mama yangu, isipokuwa mimi.