Uvimbe uliompa kaka yangu sura ya babu aliyekufa

Wakuu, habari zenu. Hii nimekaa nayo miaka mingi. Mwenye hataki kuamini apite tu, lakini chumvi sijaongeza hata punje.

Ni miaka ya tisini mwishoni, kwetu Mogogosiek. Tulikuwa na shamba kidogo ya majani chai na ng'ombe watatu. Kaka yangu mkubwa, Kipkoech, mwenye mke na watoto wadogo, ndiye alikuwa anashikilia boma.

Kwetu Wakipsigis, mtoto akizaliwa wamama wazee wanataja majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya nyingine. Akipiga chafya kwa jina fulani, basi huyo ndiye amerudi. Kipkoech alipiga chafya kwa jina la babu, mzaa baba.

Alipofika miaka thelathini hivi, akaanza kubadilika.

Polepole sana, si kitu unaona kwa wiki. Gumboots zilimbana, akanunua kubwa, halafu kubwa zaidi. Taya ikasonga mbele, pua ikapanuka, sauti ikashuka kama mtu anaongea ndani ya pipa. Karani wa buying centre, pale tunapopimiwa majani ya kuuza, akamtania ati na vidole hivyo atachuma kichaka chote mara moja.

Kogo hakucheka. Kogo ni nyanya yetu, mjane wa huyo babu.

Mchana mmoja Kipkoech aliingia jikoni. Kogo akaacha kukoroga chai, akamwangalia kwa muda mrefu. Akamwita kwa jina la babu, akainuka akampisha akae.

Tangu hiyo siku alimhudumia kama bwana yake. Mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, alimpatia kwanza, kabla ya baba. Alimwongelesha kwa sauti ya chini mambo ya zamani. Na kitu ilinitia baridi, wakuu, ni kwamba kaka alianza kumjibu. Nilipomuuliza akasema, "Nimechoka kukataa."

Watu wa ukoo walikuja kumwona. Hakuna hata mmoja alitaja hospitali. Utampeleka mzee hospitali kwa sababu amerudi kwake? Hata mimi na form four yangu nilinyamaza. Hapo najilaumu mpaka leo.

Kichwa kilikuwa kinamuuma kila asubuhi. Halafu akasema watu wanamtokea. Unatembea kando yake kwa shamba, anashtuka kana kwamba umetoka hewani. Kogo akasema hao ni wale waliotangulia, wanamsindikiza.

Siku ng'ombe alimjia kwa upande akampiga pembe ya mbavu, na yeye hakumwona kabisa, nikajua ni macho. Nikambeba kwa lazima.

Tulizunguka hospitali mpaka Nairobi. Daktari akasema kuna uvimbe chini ya ubongo, kwa tezi ndogo inaitwa pituitari. Huo uvimbe unamwaga homoni ya kukua kupita kiasi, na unafinya mishipa ya macho. Akauliza kama kuna mtu mwingine kwa familia alikuwa na sura kama hii.

Baba, ambaye tulikuwa naye, aliangalia sakafu. Akasema babu alikufa kipofu, hata choo alikuwa anashikwa mkono.

Uvimbe walitoa kupitia puani. Baada ya miezi uso ulipungua, vidole pia. Taya ndiyo ilibaki. Kogo alimtazama, akaniambia mimi, "Mmemuua mara ya pili."

Kipande cha ule uvimbe kilikuwa kimetumwa ng'ambo kupimwa. Majibu yalipokuja daktari alinieleza hivi: kuna protini inaitwa Ki-67, inapatikana tu kwa seli ambazo ziko mbioni kugawanyika. Wanazitia rangi, zinageuka kahawia. Kuna nyingine, p27, kazi yake ni kushika breki. Kwa kaka yangu kahawia ilikuwa nyingi kuliko kawaida, na breki ilikuwa kidogo. Akasema si uhakika, lakini uvimbe wa namna hii hupenda kuota tena, na bila kuchomwa na mionzi anaweza kupoteza macho yote.

Nilirudi nikawaambia wote wakiwa wamekaa. Kogo alisikiliza vizuri, hata akaniuliza mara mbili nieleze. Halafu uso wake ukang'aa jinsi sijawahi kuona.

Akauliza, "Na akiachwa tu hivyo, sura ya mzee itachukua muda gani kurudi?"

Kipkoech akamwangalia, akamwambia polepole, "Kogo, mimi ni Kipkoech. Na nataka kuona watoto wangu."

Jumatatu tulienda mionzi.

Leo anaona, si vizuri sana upande wa kushoto, lakini anaona. Kogo aliishi miaka mingine minne kwa hilo boma na hakumwongelesha tena hata neno moja. Alipokuwa anakufa Kipkoech alimshika mkono. Akautoa.

Nilichojifunza: mtu wako akianza kubadilika sura, toa picha zake za zamani uweke kando ya uso wake. Kama unaona mtu mwingine, nenda hospitali, hata kama huyo mwingine mlimpenda.

Kuna mwenye amepitia kitu kama hii? Na nyinyi mngemwambia nini Kogo?