Nywele za Upande Mmoja

Kijijini kwetu Chokocho hakuna maradhi yaliyoogopwa kama ndui. Wakubwa hawakuitaja ovyo. Walisema "yale maradhi" na kubadilisha mazungumzo. Mama yangu alimpoteza dada yake kwa ndui, na mpaka uzeeni alikuwa akiona kipele kwa mtoto hukitazama mara mbili. Kwa hiyo wadogo zangu walipotoka vipele vya maji mwili mzima, miaka michache kabla ya Mapinduzi, nyumba iliingia hofu. Majirani waliacha kuja kuteka maji kisimani kwetu. Bwana afya akaitwa kutoka Mkoani, akaja na baiskeli yake, akawavua watoto mashati, akawatazama, akacheka.

"Tetekuwanga tu hii," alisema. "Wapeni madafu, waogesheni kwa majani ya mwarobaini. Si ndui."

Mama alifurahi mpaka akapika mikate ya kumimina na kuita watu kusoma dua. Miaka ile siasa zilikuwa zimewagawa watu, kuna ndugu waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya vyama, lakini siku ile walikaa jamvi moja wakala pamoja. Watoto wenye vipele walikuwa katikati yao, wakipewa mapande makubwa.

Mimi sikuwako. Nilikuwa Jadida, Wete, kwa mume wangu, na mimba yangu ya kwanza imeshakuwa kubwa. Kwetu mtoto wa kwanza mtu humzalia kwa mama yake, na jambo hilo halina mjadala. Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa na mjadala wa kila kitu, aliuleta hata hapo. Alisema barabara mbovu, gari litanirusha. Alisema kule Chokocho kuna watoto wagonjwa.

"Kwani hapa huwezi kuzaa?" aliniuliza. "Mie si mama?"

Moyoni nilimwona mchoyo. Mama alikuwa ameshaniletea habari kwamba watoto wanaumwa tetekuwanga tu, nije wala nisiwe na wasiwasi. Nilikuwa na hamu naye. Nilitaka mtu wa kunifokea kwa sauti niliyoizoea. Nilifunga nguo zangu kesho yake asubuhi, nikapanda gari la abiria mpaka Mkoani, na kutoka hapo baba akanichukua kwa gari la ng'ombe.

Mdogo wangu wa mwisho alinikimbilia mlangoni. Vipele vyake vilikuwa bado vibichi, na mgongo wote umepakwa liwa, ule mti wa harufu unaosagwa juu ya jiwe kwa maji ya waridi, wanaopakwa mabibi harusi na watu wanaowashwa. Nilimpakata. Usiku alitaka kulala na mimi, nikalala naye, nikimkuna polepole mpaka akasinzia. Hakuna aliyeniambia nijitenge naye, si mama, si mkunga aliyekuwa akija kunitazama, wala mimi mwenyewe sikujiambia. Ingekuwa ndui, wangenirudisha njiani kwa kelele. Tetekuwanga yalikuwa maradhi ya watoto, na kila mtu mzima alihesabiwa kuwa ameshaumwa. Mimi ilinipita. Ilipoingia kijijini utotoni mwangu nilikuwa nimepelekwa kwa bibi yangu, na jambo hilo lilikumbukwa siku vipele viliponitoka.

Vilianza na homa iliyonifanya niseme ovyo. Vilinitoka kichwani, mdomoni, mpaka ndani ya kope. Mama alinitandikia majani ya mgomba nipate ubaridi, akakaa kwenye jiwe lake akisaga liwa. Liwa ile aliiweka kwa ajili ya arobaini yangu, anipake nirudi kwa mume wangu nikinukia. Aliimaliza yote kwenye vidonda. Vilikuwa bado havijakauka uchungu uliponishika.

Nilizaa mtoto wa kiume. Mkunga alishindwa kunikanda kwa maji ya moto kama mzazi anavyokandwa, kwa maana sikuwa na pa kushikwa. Lakini mtoto alikuwa safi. Mama alimbeba mpaka dirishani, akamgeuza huku na huku, akamtazama makwapani na katikati ya vidole.

"Hana hata doa," alisema. "Ntoto kasalimika."

Nililia kwa furaha, machozi yakanichoma kwenye vipele. Alikuwa na nywele nyingi nyeusi zilizoteremka mpaka shingoni, na mama alinitania kwamba nimemzaa akiwa tayari ni mzee wa mtaa. Siku zile za kwanza nilikuwa na raha ambayo sijaipata tena, ingawa nilizaa wengine na nikawapenda.

Siku ya saba mume wangu alikuja na mama yake na mbuzi wa akika. Mkunga ndiye aliyekabidhiwa wembe. Alimpakata mtoto, akamlowesha kichwa, na mama akashika kisosi cha kupokelea nywele, ili baadaye zipimwe, itolewe sadaka ya fedha ya uzito wake, kisha zizikwe. Alianza upande wa kulia. Nywele zilianguka kisosini kwa mafungu laini, na mtoto hakulia. Upande ule ulipokwisha akamgeuza, akainua nywele za nyuma ya sikio la kushoto, na wembe ukasimama.

Palikuwa na kipele kimoja chenye maji, na chini yake vingine viwili vinaanza.

"Endelea," mama alimwambia.

Mkunga aliweka wembe chini. Mama mkwe akauliza kuna nini, akainama akaona mwenyewe. Mume wangu alimpa mwanawe jina pale pale, kwa sauti ndogo, kichwa kikiwa nusu kimenyolewa. Jina lenyewe sitaliandika. Mbuzi alifungwa tena kwenye mnazi, akawa analia huko nje.

Miaka mingi baadaye muuguzi mmoja alinieleza kwamba mama akitoka vipele siku za kujifungua, mtoto huzaliwa ameshayabeba maradhi bila ya kinga ya kupambana nayo. Wakati ule sikujua. Nilichojua ni kwamba vipele vilimwenea, akaacha ziwa, na pumzi yake ikaanza kukatika. Mume wangu alikwenda Mkoani kutafuta gari la kutupeleka hospitali. Aliporudi nalo alikuta wanaume wamekaa barazani.

Kwetu wanawake hatuendi makaburini. Nilikaa chumbani nikisikiliza tahlili ikitoka uani, ikipita kisimani, ikipotea. Kisha wakaja wa kunipa pole, na kila mmoja alikuwa na shukurani zake.

"Subiri mwanangu," mmoja aliniambia. "Mshukuru Mungu, ingekuwa ndui nawe ungekwenda."

Alikusudia wema, najua. Nilitamani kumrushia kata ya maji. Mpaka leo mtu akisema mbele yangu "tetekuwanga tu", natoka nje.

Nilimchukia mama kwa kuniita. Nilimchukia na mama mkwe kwa kuwa aliona mbele, nikawa nasubiri aseme, "Sikukwambia?" Hakusema. Alinunua liwa nyengine, akaenda kwa mama pale kwenye jiwe.

"Nipe mie nisage," alimwambia. "Nkono wako ushachoka."

Mama akampisha. Mimi sikumsemesha mama ila kwa lazima mpaka arobaini yangu ilipokwisha.

Siku nilipokuwa nafunga nguo nirudi Jadida, niliona kisosi juu ya kabati, kimefunikwa kwa kitambaa cheupe. Nikakifunua. Nywele zilikuwa mle, nyeusi, laini vile vile. Hazikupimwa wala hazikuzikwa. Nilimuuliza mama kwa nini ameziweka.

Alikaa kitandani kabla ya kunijibu.

"N'lisubiri za upande wa pili," alisema. "N'kasema, akipoa atamaliziwa, tupime zote pamoja. Kisha sikujua nizifanye nini."

Alikuwa amezifunika siku zote zile, akipanguza vumbi, na mimi ndani ya nyumba moja namnunia. Nilichukua kisosi, nikatoka nacho nyuma ya jiko, chini ya migomba. Mama alinifuata na kijembe. Nilichimba mimi, naye akanishikia kisosi kwa mikono miwili. Tukazimimina, tukafukia, akapiga udongo kwa kiganja ukalala vizuri. Nilimsomea mwanangu Fatiha, mama akaitikia amina. Maziko yake niliyoyahudhuria ni hayo.