Gango la Mswaki

Chanzo cha yote kilikuwa jogoo. Jogoo huyo wa jirani, hana adabu, kazi yake kuingia kwenye kitalu cha mikorosho cha kikundi cha akina mama pale kijijini Mkunya na kuchakura miche kana kwamba kaipanda yeye. Siku hiyo Scholastika, ambaye watu wote walimwita Mama Filemoni, alichoka naye, akamrukia kwa mikono miwili. Jogoo akapita zake. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikagota kwenye nguzo.

Hakikuuma sana, ndiyo ajabu yake. Lakini alipokinyoosha, kilinyooka chote isipokuwa ncha. Ncha ilibaki imeinama kama mkamwana anayemwamkia mama mkwe. Akaiinua kwa mkono wa kushoto, ikakaa, akaiachia, ikaanguka. "We! Hebu inuka!" akaifokea. Wenzake wa kikundi wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Yeye hakucheka hata kidogo. Katika kikundi kile cha akina mama, mbebeshaji alikuwa yeye. Ndiye aliyekata kikonyo cha mkorosho bora, akakichomeka kwenye mche wa kawaida na kukizungushia ukanda wa nailoni mpaka vishikane, viwe mti mmoja. Tangu wanunuzi binafsi waingie kugombea korosho, kila mkulima alitaka miche iliyobebeshwa, na mkono uliosifiwa hadi Nanganga ulikuwa wake. Sasa kisu kitashikwaje bila kidole cha shahada?

Akakimbilia zahanati. Tabibu alikuwa kijana anayeitwa Godfrey.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nitazamie huyu mgonjwa."

Godfrey akakitazama. "Kano inayoinua ncha imekatika. Dawa yake ni gango tu, mama. Kikae kimenyooka wiki sita, ncha isiiname hata mara moja. Ikiinama, tunaanza upya."

Akamfungia kijiti cha kubania ulimi, kirefu kikafika mpaka kiganjani. Akamwambia hicho ni cha muda tu. Atafute kitu kifupi cha kushika kiungo cha mwisho peke yake, vingine viachwe vikunjike.

Basi Mama Filemoni akapanda Newala sokoni. Miaka ile ya soko huria maduka yalikuwa yamefurika bidhaa ambazo zamani ungeambiwa hakuna kabla hujamaliza kuuliza. Akajaribu ganda la kalamu, likapasuka. Akajaribu mpini wa kijiko, ukamkata ngozi. Banzi la mwanzi likanasa kwenye khanga ya mwenzake, nusura aondoke nayo. Mwisho macho yakatua kwenye mswaki wa rangi ya waridi.

"Huo ni wa meno, mama," akasema Nurdini mwenye duka.

"Wako wa meno. Wangu wa kidole. Nifungie."

Fundi baiskeli akamkatia kipande cha mpini, akakipasha moto kidogo kikakaa mkao wa kidole. Godfrey alipokiona akacheka, kisha akakisifu. Akakilaza juu ya kidole, si chini, ili nyama ya ncha iendelee kuhisi vitu, akatia pamba na plasta. Akamwambia kila akibadilisha plasta, alaze kidole juu ya meza, gango litoke taratibu, ncha isianguke.

Kulivaa ndiko kulikuwa kazi. Ugali aliufinyanga kwa vidole vilivyobaki, tonge likawa linatoroka. Tena kidole kile aliogopa kukikunja, kikanyooka muda wote, kikawa kinasonta watu bila ruhusa yake. Msibani wifi yake alinuna. "Unanisonta mimi? Nimefanya nini?" Ikabidi Mama Filemoni aukunje mkono ndani ya khanga kama mtu aliyeiba.

Wiki ya tano akaja Fakihi, mkulima wa Chilangala, na miche aliyobebeshewa kabla ya kidole kuumia, yote imekauka.

"Mama Filemoni, miche yako imenifia."

"Ulifungua nailoni?"

"Nilifungua kidogo tu, nione kama imeshika."

Lo! Alikiona cha moto. "Kidogo! Kikonyo kilikuita? Kilikwambia kinataka upepo? Watu wazima mnashindwaje kuacha kitu kikatulia?" Fakihi akaondoka ameinamisha kichwa.

Jioni ileile, ugali umeiva, Mama Filemoni akakitazama kidole chake. Kimekaa vizuri mno, akajiambia. Nione tu kama kimeshika. Akavua gango. Ncha ilikuwa wima! Akapiga kigelegele, akatia mkono kwenye sahani, akafinya tonge moja kubwa la furaha. Alipokinyoosha kidole, ncha ikainama.

Hapo aliogopa, aliogopa kweli. Aliona kisu kikipita mikononi mwa wengine na yeye amekaa pembeni akiangalia. Kesho yake alfajiri akarudi zahanati.

Godfrey hakumgombeza. "Tunaanza moja, mama," alisema tu, na hilo likamuuma kuliko kugombezwa. Safari hii kisu akampa Flora, binti mdogo kuliko wote kikundini, ambaye zamani hata nailoni hakumruhusu kuigusa. Yeye akabaki na mdomo: kata mlalo, usitetemeke, kaza, si hivyo jamani! Gango likakaa. Mkono ukimwasha, aliukalia.

Siku ya kulivua, Godfrey akasema nyoosha. Akanyoosha huku amefumba macho. Alipofumbua, ncha ilikuwa juu. Imelegea kidogo, lakini juu. Hakushangilia. Alirudi moja kwa moja kitaluni, akaomba kisu, akabebesha mche mmoja tu. Kidole kilikuwa hakijazoea, nailoni ikaenda upande, akaizungusha tena mpaka ikakaza. Kisha akauacha.

Wiki zilizofuata alimwagilia miche yote, ule akiupita bila kuutazama. Flora ndiye aliyemwita. Kwenye kikonyo kulikuwa na jani changa jekundu, dogo kama ukucha wa mtoto.

Mama Filemoni akaketi palepale mchangani, akalia kwa sauti.

"Sasa unalia nini, mama, na mche umeshika?"

"Siyo mche, mwanangu," akasema. "Mimi. Nimeshika."